Mkono Uliolaza Unga

Kwa maelezo ya Mama Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, alfajiri ile alichungulia dirishani akamwona mkaza mwana ameinamia beseni la unga, midomo ikimcheza kama anayemteta mtu asiyeonekana. Akapuliza. Akafunika. Jua lilipotoka, unga ulikuwa umelala kama maiti. Hayo aliyasema jikoni, kikombe cha chai mkononi, na msemwa mwenyewe yuko palepale anasugua sufuria.

"Nilikuwa nahesabu vikombe vya unga," alisema mkaza mwana.

"Kuhesabu kuna kupuliza?"

"Nilimpuliza nzi."

"Haya, nzi!" Mama Redio akamkonyeza mama mkwe. "Siku hizi wanaitwa nzi."

Nyumba ile iliishi kwa mikate. Tangu mwana wa nyumba, dereva wa malori, alete mke, beseni la mke lilikataa kuumuka, wakati la mama mkwe lilipanda hadi kuinua kitambaa. Gunia lilikuwa moja, hamira moja, jiko moja.

"Mkono wako una nuksi," alisema mama mkwe. "Jumamosi mumeo anarudi. Unga ukilala tena siku hiyo, atakuta begi lako mlangoni. Na wewe ukalale kwenu."

Mkaza mwana aliendelea kusugua. Kwao hawakuwa waokaji. Alikanda vile alivyoelekezwa, na hakujua amekosea wapi.

Aliyeinua kichwa ni wifi yake, dada wa mumewe, mpimaji katika maabara ya hospitali. Huyu hakumpenda wala hakuficha, mpaka leo alimwita "mgeni."

"Mama, usimfukuze kwanza. Tupime."

"Upime nini? Macho huna?"

"Ninayo. Ndiyo maana siyaamini yakiwa peke yake." Akamgeukia mkaza mwana. "Usinishukuru. Sikutetei. Nikikuta ni wewe, begi nitakubebea mwenyewe."

Sharti lake lilikuwa moja: kila asubuhi kibadilishwe kitu kimoja tu, vingine visiguswe. Ukibadili viwili, alisema, utajuaje kilichotenda?

Kwanza wakabadilishana mabeseni. La mkaza mwana likalala.

"Umeona?" mama mkwe akapiga makofi.

"Nimeona kwamba si beseni."

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alimpimia mkaza mwana unga na hamira kwa mkono wake mwenyewe. Ukalala vilevile, na Mama Redio akacheka mpaka chai ikampalia.

"Kwa hiyo ni mkono!"

"Leo tumepima vipimo tu, na kosa haliko kwenye vipimo," alijibu wifi. "Mkono bado sijaupima." Lakini alimtazama mgeni kwa jicho baridi, na mkaza mwana usiku ule akakunja nguo zake mbili tatu, asije akakunjiwa.

Ijumaa wifi aliketi pembeni akiangalia tu. Birika lilichemka. Mama mkwe akammiminia mkaza mwana maji, "anza wewe, kijana," kisha akakaa kunywa chai na Mama Redio. Umbeya ulipokwisha ndipo naye akainuka kukanda, kwa maji yaleyale ya birika.

"Kesho mtabadilishana zamu," alisema wifi. "Zamu tu."

Jumamosi mama mkwe alianza, maji yakitoa mvuke, akakoroga kwa mwiko. Mkaza mwana akawekwa kitini kando ya Mama Redio, ambaye siku hiyo hakumwacha apumue: kwao kulivyo, mama yake alivyo, nzi wake walivyo. Akavumilia mpaka kikombe kikaisha. Ndipo akakanda.

Walipofunua, beseni la mkaza mwana lilikuwa limefura hadi ukingoni. La mama mkwe lilikuwa bapa.

"Ameniloga na mimi!"

"Hamira ni kitu hai, mama," alisema wifi. "Maji ya kuunguza huiua. Yako siku zote yalipoa kwa maneno ya Mama Redio."

"Siku moja si ushahidi! Si wewe unayesema hivyo?"

"Kweli kabisa. Rudia."

Akamwekea mabakuli mawili. Mama mkwe, midomo kaikaza, akakanda yote kwa mkono wake: moja kwa maji yanayochemka, moja kwa maji vuguvugu. Wakangoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Moja likapanda. Moja likalala.

"Si yeye," alisema wifi, sauti ileile ambayo angesemea "ni yeye." Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Nje honi ya lori ilisikika kwenye kona. Mkaza mwana akafuta mikono. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamtazama mama mkwe machoni.

"Mama, mume wangu asisikie kwa dirisha la jirani. Nakuomba, mwambie wewe, na Mama Redio akiwa hapahapa, kwamba haukuwa mkono wangu."

Mama Redio akawa anachunguza kikombe kitupu. Mama mkwe aliokota kitambaa, akalifunika bakuli lililolala, akalisukuma nyuma ya birika. Mlango ukagongwa.