Kapi la Ukoo

Dwomoh, ambaye kitambaa kimoja cha kente alichokuwa akikifuma kilikuwa na mwaka wa pili hakijafika nusu, aliingia kwenye kibanda cha wafumaji wa kijiji cha Bonwire kifua mbele. Mkononi alikuwa na kapi la kupitishia kamba za kitanda cha kufumia, limechongwa kichwa cha mwanamke.

"Mzee Nsiah, tazama. La babu yake babu yangu hili. Kwetu limerithiwa mkono kwa mkono."

Nsiah, mfumaji mkongwe, hakujisumbua na kile kichwa cha kuchongwa. Alikizungusha kigurudumu cha kapi kwa kidole gumba. Kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo. Kapi lake mwenyewe lilikuwa limeliwa na kamba likabaki jembamba.

Akamrudishia.

"Nimeamini ni la kwenu," alisema. "Halijafanya kazi hata siku moja."