Upatu wa Pak Ngadiran

Asubuhi Pak Ngadiran alikaa kibarazani pa karakana, simu ikiegemea bilauri ya chai. Ndani ya simu alikuwamo Mbak Wulansih, mtaalamu wa usikivu, yuko hospitalini katika mji wa Solo. Kutoka huko alivirekebisha vifaa vya kusikia vilivyokuwa masikioni mwa mzee.

Ngadiran ndiye aliyekuwa akisawazisha sauti za patu za gamelan, ile ngoma ya shaba ya Kijava. Ule mkubwa wa shaba uliotundikwa mbele yake ungechukuliwa adhuhuri. Asipousikia mpaka mwisho, tajiri mwenye karakana angempa mwingine kazi yake.

"Ukigonga, mlio unakatika?"

"Kama umekabwa koo, Mbak."

"Basi ni mashine hiyo. Mlio mrefu inaudhania kelele, inaufuta. Nimeizuia. Haya, gonga."

Akagonga. Mlio ukaja, ukazunguka, ukarudi mzima mzima. Akagonga tena. Safari hii upatu ukatoa na yale yote ambayo nyundo, kwa kumziba masikio, zilimnyima miaka mingi: mvua juu ya vigae, jogoo wa jirani, binti yake Yatmi utotoni akijifunza kuhesabu. Ilikuwa shaba kuukuu ya karakana ileile, imeyeyushwa upya, na sauti hizo zote ilikuwa imezihifadhi.

"Kuna mama anaita," alisema Mbak Wulansih. "Nimpunguze sauti?"

"Usiguse. Mke wangu huyo."

Alikuwa marehemu Sumirah, siku aliyoanguka jikoni, ukuta mmoja tu kutoka karakanani. Watu walimwambia Ngadiran kwamba alikufa kimya. "Njoo uninyanyue, Pak. Njoo basi, kiziwi wangu." Aliita mara nyingi, bila hasira. Ngadiran alicheka na kulia kwa pamoja, akamjibu kila alipoita.

Adhuhuri tajiri aliusikiliza upatu, akaridhika, ukapakiwa garini na Sumirah ndani yake. Ngadiran akabaki na kazi yake.

Aliwaendea wapiga nyundo na pamba mkononi. "Zibeni masikio, jamani."

"Pak, si wewe uliyetufundisha? Mhunzi akiziba masikio, shaba inanuna, inapasuka."

"Ni mimi."

"Sasa leo umekula nini?"

Wakacheka, pamba wakaiacha, wakaanza upatu mpya. Yatmi akatokea mlangoni na kuwaita wote kula, akaita tena kwa nguvu. Aligeuka Ngadiran peke yake.