Mguu wa Amélie

Rénovat alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipokaa benchi moja na wanafunzi waliomwita papa, yaani baba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msaidizi wa wauguzi katika zahanati moja ya Kamenge. Alifunga vidonda, alipima presha, alichoma sindano, na huko kwao Mutakura watu walimpigia hodi yeye kabla hawajafikiria hospitali. Diploma hakuwa nayo. Sasa zahanati ilikuwa imewaambia wazi wote wa aina yake: fanyeni mtihani wa taifa, au tafuteni kazi nyingine.

Basi kila alasiri akitoka kazini alipitia kwa Orlane, binti wa miaka ishirini na minne aliyewahi kufanya stage, mafunzo ya kazi, chini yake. Rénovat ndiye aliyemfundisha kushika bomba la sindano. Leo Orlane ndiye aliyesimama barazani mbele ya Rénovat na vijana watano, maswali ya miaka iliyopita mkononi, akiwasomea moja moja.

Wiki ya kwanza ilimnenepesha roho. Maswali ya malaria kali, ya kuhara, ya mtoto aliyeungua, aliyajibu wenzake wakiwa bado wanafunua madaftari. Vijana walimpigia makofi, naye akajizoesha kujibu wa kwanza.

Alhamisi Orlane akasoma: "Mzazi, siku ya sita tangu ajifungue. Mguu mmoja umevimba, una joto, na shavu la mguu linauma ukiligusa. Utafanya nini kwanza?"

"Unaukanda," Rénovat akasema hata kabla hajamaliza. "Mafuta ya vuguvugu, toka chini kupanda juu, asubuhi na jioni. Hiyo ni damu ya uzazi imelala. Mi nimewakanda wengi."

Orlane akaitazama karatasi, kama aliyetumaini itasema kitu kingine.

"Apana, Papa Rénovat. Huo mguu haukandwi. Damu inaweza kuwa imeganda mule ndani. Ukikanda, donge linang'oka, linapanda mpaka kwenye mapafu, mutu anakosa pumzi, anakufa. Unamlaza, unamtuma hospitali haraka."

"Papa ameua mzazi!" akadakia kijana mmoja, Gaël, na baraza zima likacheka. Hawakuwa na ubaya. Rénovat naye akacheka, mdomo peke yake. Kisha akainamia daftari, akajifanya anaandika.

Miaka miwili nyuma, nyumba ya tatu kutoka kwake, Amélie alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Siku ya tano mguu wa kushoto ukavimba. Mama yake, Marguerite, akamwita Rénovat, naye akaukanda siku tatu kwa mawese yaliyopashwa moto. Siku iliyofuata Amélie aliinuka kwenda kuoga, akajishika kifua, akasema hapati pumzi. Alikata roho kabla gari halijapatikana. Msibani mumewe, Adolphe, alisimama mbele ya watu akamshukuru Rénovat kwa jina: huyu hakutuacha. Na Rénovat akainamisha kichwa, akazipokea shukrani.

Kwamba hakujua, hilo angeweza kulivumilia. Lililomnyima raha ni jingine. Siku ya pili ya kukanda aliona mguu umezidi. Neno hospitali lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza, kwa sababu aliwaogopa wauguzi wa huko: wangeuliza nani amemgusa huyu mama, na kwa cheti gani.

Jumamosi alimfuata Marguerite sokoni Mutakura, mbele ya fungu lake la ndagala. Alimwamkia, akachuchumaa, akamweleza yote. Marguerite hakuinua macho.

"Uliona mguu umezidi?"

"Niliona, mama."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Mikono yake iliendelea kupanga samaki ambao tayari walikuwa wamepangwa. "Amélie mwenyewe aliniambia, maman, nipeleke hospitali. Mi ndiye nikamjibu, Rénovat yupo, unataka nini tena?" Akalisukuma fungu kando. "Usiniachie mi peke yangu. Nenda umwambie Adolphe. Mi sitakubebea hayo."

Jioni ile alikwenda kwa Adolphe, naye akamwambia arudi kesho yake baada ya misa, ayaseme mbele ya ndugu zake. Rénovat akaenda. Walikuwa wanaume wanne uani, na yule mtoto amekaa mapajani pa baba yake, anachezea kifungo cha shati. Hakuna aliyempa kiti. Alisema amesimama, na habari ya ile siku ya pili ya kukanda hakuiruka.

"Nilikushukuru mbele ya watu," Adolphe akasema.

"Ndiyo."

"Na we ukainamisha kichwa."

"Wakati ule sikujua kama..." Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaacha. "Nilijua kidogo."

Adolphe akamshusha mtoto polepole, akaenda kufungua lango, akalishika wazi mpaka Rénovat alipopita. Hakuna aliyemtukana. Angeona afadhali wangemtukana.

Jumatatu alirudi barazani. Kabla Orlane hajaanza, aliomba neno. "Lile swali la mguu," akasema, "mi nilimkanda mutu kweli. Alikufa. Aliitwa Amélie. Yeyote kati yenu akikutana na mguu kama ule, asifanye nilivyofanya mimi." Gaël akaangalia vidole vya miguu yake. Orlane akasoma swali la kwanza la siku hiyo. Rénovat hakujibu wa kwanza. Alingoja mpaka wote walipokwisha jaribu.

Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwamo, karibu na mwisho wa orodha. Orlane alimpigia simu kwa vifijo. Rénovat alimshukuru, akakata, akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe akamwuliza kama amefaulu. Akasema ndiyo, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeulizwa kosa lake.

Mpaka leo, akienda kazini, anazunguka kwa njia ya nyuma, ile ndefu yenye matope, asipite kwa Adolphe.