Hita ya Mzee Khalfan

Gari dogo la kijivu lilipoingia gereji, Faridi alilitambua kwa mlio tu. Akaokota tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, akaenda nalo nyuma ya lori bovu, na hakurudi.

Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki mbili nyuma mwenye gari lile, Mzee Khalfan wa Newala, alimwita Faridi mwizi mbele ya gereji nzima, kwa sababu alimfungia mota mpya ya feni na feni ikaendelea kugoma. Kabla ya Faridi kulikuwa na fundi aliyebadilisha fyuzi, na mwingine aliyebadilisha swichi. Wote hao Mzee alikuwa ameshawapachika majina ya matusi.

Mzee alishuka taratibu. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa sita, jua la Masasi linawaka, na yeye amevaa koti zito lililofungwa vifungo vyote.

"Nani humu anajua hita?" akauliza.

"Hita, mzee?" mmoja akadakia. "Masasi hii watu wanatafuta baridi, wewe unatafuta joto?"

"Mpelekee Emilia," mwingine akasema, na vicheko vikaanza upya. "Mambo ya umeme ni yake."

Emilia alikuwa na miezi mitatu tu pale gereji. Ni mzaliwa wa Lulindi, na umeme wa magari alijifunza Ndanda, kwenye karakana ya misheni. Alijua vizuri kwamba kazi ile imetupwa kwake kama mzaha. Lakini alijua na jambo ambalo wale wanaocheka hawakulijua: aliwahi kukaa miaka miwili kwa shangazi yake Newala. Anaijua Newala ya mwezi wa sita, ukungu unapokaa barabarani kama mtu aliyekataa kupisha, na kioo cha gari kinafifia kwa ndani mpaka dereva anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Na wewe utaniambia ni mota?"

"Sijui bado. Ngoja niione kwanza."

Akawasha gari, akasubiri injini ipate moto, akafungulia feni. Namba moja ikapuliza. Namba mbili, tatu, nne, zote zikapuliza, na hewa ya moto ikamjaa usoni, ikichanganyika na harufu ya petroli na oili ya gereji. Akalala chali chini ya dashibodi upande wa kushoto, mahali ilipo mota, akaipima njia ya umeme kwa taa yake ya kupimia. Taa ikawaka vizuri. Alichokiona ni kimoja tu: plagi ya mota ilikuwa imelegea kidogo, na vyuma vyake vimepata kutu ya kijani. Akaitikisa. Feni ikaendelea kuvuma.

Akaiacha ivume saa nzima huku akifanya kazi nyingine. Haikuzima hata mara moja.

"Unaona!" Mzee alilalamika, utadhani feni imemsaliti kwa makusudi. "Hapa inajitia nzima. Tukishaanza kupanda mlima tu, kimya. Nikisimamisha gari tukashuka kuangalia, inarudi yenyewe."

Emilia akaifuta mikono yake kwa kitambaa, akifikiri. "Mzee, mkiwa njiani mnakuwa wangapi?"

"Mimi na mama yenu. Miguu inamsumbua, magoti. Kila mwezi namleta kliniki, na asubuhi baridi ya kule inamtesa. Hita hii ni ya kwake, mimi sina shida nayo." Akavuta kola ya koti lake. "Sasa hivi nimemwacha kwa mdogo wake. Tutalala, kesho alfajiri tunarudi."

"Basi kesho nipitieni. Ugonjwa nisiouona siwezi kuutibu. Nitakaa kiti cha nyuma."

Kesho yake kulipopambazuka walimkuta barabarani na mkoba wake wa vifaa. Mama Mujibu, mke wa Mzee, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, amejifunika kanga mbili juu ya baibui. Walisalimiana, na kabla hawajaiacha milima ya mawe ya Masasi alikuwa ameshajua Emilia ana ndugu wangapi, anasali wapi, na kwa nini hajaolewa.

Huku bondeni hita haikuhitajika. Mashamba ya mikorosho yakapita, barabara ikaanza kupanda kwa kona, na hewa ikabadilika. Kona ya tatu kioo kilianza kufifia. Kona ya tano wakaingia kwenye ukungu, mzito na mweupe.

"Haya sasa," alisema Mzee, akafungulia feni namba tatu.

Ikavuma. Kioo kikaanza kusafika kuanzia chini kwenda juu. Joto likaenea, na pamoja na joto ikaja harufu. Emilia akakunja pua. Ilikuwa harufu kali, ya kukereketa koo, aliyoijua tangu utoto lakini hakuweza kuitaja mara moja. Akamtazama Mzee: anaendesha kwa raha zake, hana habari. Akamtazama Mama Mujibu: amejiziba pua kwa upindo wa kanga, na machozi yanamlengalenga.

Kisha feni ikazima.

"Hiyo! Hiyo hapo!" Mzee alipiga usukani. "Umeona mwenyewe? Nilisema uongo?"

Emilia aliinama mbele, kichwa chake katikati ya viti viwili, akitaka kusikia kama kuna mlio wowote uliobaki. Hakukuwa na mlio. Lakini kwenye mwanga ule hafifu aliuona mguu wa Mama Mujibu. Kiatu kimevuliwa. Mguu, ndani ya soksi nene ya sufu, umeinuliwa kushoto chini ya dashibodi, na ncha ya kidole gumba imeukandamiza waya wa ile plagi ya mota dhidi ya ukuta wa gari.

Macho yao yakakutana. Mama Mujibu hakuondoa mguu. Akamkazia Emilia macho ya kumwomba anyamaze.

"Mzee," alisema Emilia, "simama hapo pembeni kidogo. Ukaangalie maji ya rejeta, lakini polepole, yasije yakakuunguza."

Mzee akasimama, akashuka, akafungua boneti. Boneti ilipoinuka na kumficha, Emilia akasogea.

"Mama, kulikoni?"

"Usimwambie, mwanangu, nakuomba." Mama Mujibu alinong'ona haraka haraka. "Harufu hiyo inaniua. Kichwa kinanigonga siku mbili. Mara ya kwanza nilinyoosha goti, nikaukandamiza waya kwa bahati tu, ikazima. Nikasema alhamdulillahi."

"Kwa nini usimwambie tu azime?"

"Nitamwambiaje? Alikuja na gari hili anacheka kama mtoto. 'Mama Mujibu, nimekutafutia gari lenye hita, magoti yako yamepona.' Miaka arubaini na mbili mume wangu hajui kusema maneno matamu. Hita hii ndiyo maneno yake. Sasa mimi nimwambie inanuka?"

Emilia alitaka kucheka. Alikumbuka mafundi watatu waliotukanwa, na Faridi aliyejificha na tairi nyuma ya lori.

"Mama, harufu ina chanzo chake. Hiyo naweza kuitoa. Ila wewe ondoa mguu, kioo kisafike, tufike salama."

Mguu ukaondoka. Feni ikavuma. Mzee alikuja mbio kutoka mbele ya gari, boneti ameiacha wazi. "Imerudi yenyewe! Si nilikwambia?"

"Nimeshaona penye tatizo," alisema Emilia. "Nitalifungua tukifika."

Nyumbani kwao Newala, baada ya chai na mihogo ya kuchemsha, gari liliegeshwa mbele ya kibaraza. Emilia aliondoa kidroo cha dashibodi, akafungua skrubu tatu, akaichomoa mota pamoja na feni yake, akaiweka juu ya gazeti. Mzee akainamia karibu. Mapezi ya feni yalikuwa ya njano. Vumbi laini la njano lilikuwa limejazana kila upenyo, na lilipogusa gazeti likamwagika kama unga.

Hapo Emilia akaikumbuka harufu. "Salfa hii, mzee. Dawa ya mikorosho. Mifuko yako unaiweka wapi ukitoka kununua?"

"Hapo mbele, miguuni, isilowe." Mzee aliichukua chembe kwa kidole, akainusa, akainusa tena. "Mbona haina harufu?"

Mama Mujibu, aliyekaa kibarazani, akaangua kicheko. "Haina harufu! Umepuliza salfa tangu ujana wako, Baba Mujibu, pua yako ilishastaafu!"

"Feni inavuta hewa kutoka hapo hapo miguuni," Emilia alieleza. "Mfuko ukivuja, vumbi linaingia ndani, hita inalipasha moto, inamrudishia mama usoni. Na salfa hiyo hiyo imekula vyuma vya plagi, ndiyo maana waya ukikandamizwa, umeme unakatika."

"Ukikandamizwa na nini?"

Emilia akajishughulisha na brashi. Lakini Mama Mujibu alikuwa ameshainuka. Aliteremka kibarazani akichechemea, akasimama mbele ya mumewe.

"Na mimi," alisema. "Na mguu wangu. Siku zote ni mimi, Baba Mujibu. Harufu ilinishinda, nikaona haya kukuambia."

Mzee akaivua kofia, akajikuna kichwa.

"Kumbe kijana wa watu nimemwita mwizi," akasema polepole. "Mbele za watu. Na yule wa fyuzi nikamwita tapeli. Mama Mujibu, si ungeniambia tu?"

"Ungelitia moto gari."

"Ningelitia," alikubali, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika boneti asianguke, na mkewe akacheka, na Emilia, aliyejibana tangu mlimani, akajiachia.

Kazi iliyobaki haikuwa kubwa. Emilia alipiga brashi pezi moja moja, akapangusa njia ya hewa kwa kitambaa kibichi. Maji Mama Mujibu aliyapima kwa kikombe cha chai, tena nusu, maana bomba la mtaa lilikuwa halijatoa tangu wiki iliyopita, na akasimama pale pale kuhakikisha halimwagiki tone. Emilia akakata vyuma vilivyooza, akafunga plagi mpya, akaubana waya juu kabisa ambako mguu haufiki. Mwisho akasogeza kishikizo cha kuelekezea hewa kutoka usoni kwenda miguuni.

"Mama, ingia ukae."

Mama Mujibu alikaa, akavua viatu vyote viwili. Feni ikavuma namba mbili. Alinusa kwa tahadhari, akasubiri, akanusa tena. Uso wake ukalegea taratibu.

"Inafika magotini," akasema. "Lo! Sikujua kama ni tamu hivi."

Mzee akageuka kuangalia barabara, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na sababu.

Mchana ule ule walimrudisha Emilia Masasi wenyewe, ingawa aliwaambia atapanda basi. Mama Mujibu alilala usingizi toka kona ya kwanza ya kushuka. Gari lilipoingia gereji, Faridi akaanza kuangalia huku na huku, na safari hii hapakuwa na tairi karibu.

"Usikimbie, mwanangu!" Mzee alimwita kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Nimekuja kukuomba radhi. Mota uliyonifungia ni nzima. Tatizo lilikuwa..." Alilitupia gari jicho. "Lilikuwa vumbi."

Kioo cha abiria kikashushwa.

"Lilikuwa mimi!" Mama Mujibu alipaza sauti. "Mwambie kweli mtoto wa watu!"

Gereji nzima ikataka kujua ilikuwaje, na Mama Mujibu, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda, akafungua mlango, akaweka miguu nje na kuanza kuwasimulia toka mwanzo. Faridi alisikiliza mpaka kwenye kidole gumba. Kisha akamgeukia Emilia huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Dada, lile lori pale haliwashi taa za nyuma, siku ya tatu leo nahangaika nalo. Huwezi kuja ukaliangalia?"

Emilia akauchukua mkoba wake. "Kwanza niambie," akasema wakielekea huko, "dereva wake huwa anabeba nini?"