Maungamo ya Mama Severa

Wengine Mungu huwaita wakiwa wamelala usingizi. Mimi nilimpigia magoti miaka mitatu nimwulize tu ananitakia kazi gani duniani, akakaa kimya kama vile sipo. Nasema hivi kwa hasira, na hasira yenyewe siionei haya.

Jina langu Tarsis. Mwaka hamsini na tatu Gambera, mkuu wa seminari, aliniita, akaniambia sina wito, nifunge sanduku langu. Nyumbani Rombo sikurudi. Ningerudije? Mama yangu, Severa, aliniwekea nadhiri kwa Mungu kabla sijaota hata jino, na kijiji kizima kilikuwa kikimwita Mama Padre. Nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, nikapata kazi ya kupima na kukata nguo katika duka la Mwarabu mmoja wa Kariakoo, Bwana Ubeid. Nyumbani nikaandika kwamba masomo yanaendelea huku pwani.

Kila alfajiri kabla ya kufungua duka nilisali novena, sala za siku tisa. Ikiisha moja, naanza nyingine. Kama si upadre, ni nini basi? Kupima bafta? Siku moja Bwana Ubeid alinikuta nyuma ya majora ya nguo, midomo inanicheza, akacheka.

"Tarsis, sisi tukimwomba Mungu atuonyeshe njia, tunaondoka kwenye msala tukatembea. Wewe waomba, kisha wakaa palepale! Utakaa mpaka lini?"

Nilijua anasema kweli, na nilimchukia siku nzima kwa ajili hiyo.

Mwaka hamsini na sita dada yangu Agnesi, mtu pekee niliyemweleza ukweli, aliniandikia kwamba Mama ana uvimbe tumboni na analia kuwa hataiona siku yangu ya upadre. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wa maisha yangu. Nilimwandikia Mama kwamba nimeshapewa upadre, haraka haraka, bila sherehe, kwa kuwa huku mapadre ni wachache. Nilidhani nampa mgonjwa dawa. Kumbe mgonjwa alipoisikia barua aliinuka kitandani, akadai apelekwe Dar.

Agnesi akamleta. Hospitali walimpasua, wakamfunga tena, wakatuambia tukakae naye nyumbani. Akalala chumbani kwangu, mtaa wa Gerezani, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa kitambaa. Kwetu mama yeyote mwenye mtoto padre anakijua. Padre mpya akishapakwa mafuta mikononi, mikono hufungwa kwa kitambaa cheupe, na baadaye mama yake hupewa kitambaa hicho azikwe nacho, aende kuonyesha mbele ya Mungu kwamba alimtoa mtoto wake. Nikakata bafta dukani, Agnesi akaishona ukingo, tukaipaka mafuta ya zeituni tuliyonunua duka la dawa. Mama alikinusa, akakibusu, akalia kwa furaha. Niliona aibu.

"Agnesi, toka nje kidogo," alisema. "Nataka kuungama kwa mwanangu."

Nikamwambia heri aungame kwa padre mwingine, mtu mzima. Akakataa katakata. Alishaanza ishara ya msalaba, nami nikakaa kwenye kigoda.

"Padre, dhambi yangu ni moja, nimeificha miaka yote. Tangu ulipoingia seminari nimesali kila siku Mungu asikuambie neno jingine. Nilimwambia, hata kama umempangia mengine, mzibe masikio asisikie. Sikuwahi kumwuliza anataka nini kwako. Niliogopa atanijibu."

Machozi yalinitoka. Miaka mitatu nilikuwa nikigonga mlango, na mama yangu mwenyewe ameuegemea kwa ndani! Na sasa alikuwa akiningoja, amefumba macho. Maneno ya Kilatini ya kumwondolea mtu dhambi niliyajua yote. Nikayasema, hali nikijua kwamba kinywani mwangu hayana nguvu yoyote. Akaitikia "Amina," akapata usingizi.

Siku ya tatu, asubuhi, pumzi zilianza kumkatika. Celina, jirani yetu kutoka Kibosho, alikimbia kumwita padre wa parokia bila kutuuliza. Padre akaja na mafuta yake, akamwinamia.

"Mama, unapenda kuungama?"

Mama akatabasamu. "Nimeshaungama, Baba. Kwa mwanangu huyu, naye ni padre kama wewe."

Padre akanigeukia. Nilikuwa na shati la dukani, na utepe wa kupimia unaning'inia shingoni.

"Ni kweli?" akauliza.

Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilijua bila shaka hata chembe Mungu anataka nifanye nini. Halikuwa jambo kubwa. Ni kusema hapana, basi. Mama bado alikuwa na pumzi, bado angeweza kuungama upya akaenda salama. Nililisikia neno lile waziwazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nikautazama uso wa Mama, ulivyokuwa umetulia. Nikamwitikia padre kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli.

Mama alikufa kabla ya adhuhuri.