Nyayo za Nawabu

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, Shamshad alivuka uchochoro kwenda kumchukua kasuku. Alibeba kitambaa cha kufunikia tundu, pilipili mbichi tano na pera moja, maana aliambiwa asiende mikono mitupu. Mwenye kasuku, Bibi Sughra, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba katikati ya chumba kisichokuwa na kitu kingine. Vyombo vyake vilikuwa vimeshafungwa. Mtoto wa kaka yake alikitaka chumba hicho aweke matairi ya duka lake, kwa hiyo bibi alikuwa anahamishiwa Faisalabad, kwenye nyumba ya jamaa ambaye mkewe alisema ndege ni uchafu.

"Anaitwa Nawabu," alisema Bibi Sughra. "Ukimwita Mithu kama makasuku wa watu wengine, atakununia wiki nzima. Ana miaka thelathini na mmoja, ana tabia zake. Dengu loweka tangu jioni. Chai usimpe hata akiililia. Na shuka nyeupe usitandike."

"Kwa nini, bibi?"

"Anatia alama."

Shamshad alidhani anazungumzia kinyesi. Bibi Sughra alinyoosha kidole gumba cha kulia. Hakikuwa na mstari hata mmoja, kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Mistari iliondoka siku niliyomsamehe kaka fungu langu la urithi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jino lake lilivyong'oka. "Nilibandika dole, nikainua mkono, mistari ikabaki kwenye karatasi. Nawabu alikuwa begani. Akashuka, akaikanyaga kabla wino haujakauka. Tangu hapo anatembea nayo yeye."

Kisha akambusu kasuku kichwani, akamwambia asimwaibishe kwa watu, akageukia ukutani mpaka Shamshad alipotoka na tundu.

Pale Multan, mji walimokaa, dada humsamehe kaka yake fungu la urithi. Dini imempa fungu, serikali imempa, lakini yeye husamehe. Hufanyika mchana, mbele ya mashahidi, pilau ikiwa jikoni, na kaka hutokwa na machozi kidogo. Baada ya hapo kila Iddi kaka huleta kitambaa cha nguo na dazani ya bangili za kioo, na watu husema huyu dada ana kwao. Bangili huwa zimeshavunjika kabla Iddi nyingine haijafika, lakini nyumba iko pale pale, na ndani yake wanakaa wengine. Mwanamke akilidai fungu lake, huitwa mroho mpaka kaburini. Mimi nimewasikia wakiitwa hivyo na watu wanaofunga Ramadhani yote.

Shamshad alikuwa fundi cherehani, umri miaka arobaini na sita, hajaolewa. Alikaa kwenye vyumba viwili vya juu katika nyumba ya marehemu baba yake. Chini alikaa mdogo wake, Iftikhar, na mkewe Farzana. Siku nane za kwanza Nawabu aliutazama ukuta. Alitupa dengu, alimwuma Shamshad mara mbili, na kila magharibi aliita "Sughra!" kwa sauti ya Sughra mwenyewe. Shamshad hakumbembeleza. Alimpa mgongo, akashona. Siku ya tisa kasuku alitoka tunduni mwenyewe, akapanda juu ya cherehani, akavuka meza.

Kila alipokanyaga aliacha alama ya kidole gumba cha mwanamke, ya rangi ya wino wa ofisini, safi, mistari yote ikisomeka. Shamshad alizisugua kwa sabuni, kisha kwa ndimu, kisha kwa mafuta ya taa. Hazikutoka. Akasema sawa, akatandika kitambaa cheusi.

Wateja wake walikuja kupimwa nguo, wakampa Nawabu pilipili, naye akawatembelea mapajani. Muda si mrefu akaanza kuacha vidole vya wengine. Kausar, binti wa mwoka mikate, alikuja kuchukua suruali yake ya harusi akakuta alama tatu kwenye pindo.

"Nitakushonea nyingine," alisema Shamshad.

"Ngoja." Kausar aliisogeza dirishani. "Hiki ni kidole cha mama. Huu mkato hapa ni wa kisu, alijikata akimenya vitunguu. Mwaka jana alibandika dole kwa wajomba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usiiguse. Naolewa nayo hivi hivi."

Baada ya harusi ile wanawake wa uchochoro wakaanza kupanda ngazi mmoja mmoja. Nawabu alitembea kwenye kiganja cha kila mmoja, naye akaitazama alama yake, akanywa chai, akarudi nyumbani kupika. Hakuna aliyepiga kelele.

Ijumaa moja Iftikhar alipanda na karatasi ya mhuri, kikopo cha wino, sanduku la halua na mashahidi wawili. Farzana alikuja nyuma yao. Harufu ya pilau ilipanda nao.

"Dada, ni mambo ya karatasi tu," alisema Iftikhar. "Bandika dole twende tukale, pilau inapoa."

"Inasema nini?"

"Inasema wewe ni dada yangu."

"Hilo nilikuwa nalijua tangu unakojoa kitandani."

Shahidi mmoja alikohoa. Farzana akacheka. "Jamani wifi! Vyumba viwili na kasuku, ndiyo ugombane na damu yako? Watu watasema."

"Waseme. Midomo ni yao."

"Na Iddi nani atakuletea bangili?" aliuliza Iftikhar.

"Nitajinunulia. Wewe kila mwaka unaleta saizi ya mtoto."

Iftikhar akatandaza karatasi mezani, akafungua kikopo. Nawabu akashuka kutoka juu ya kabati. Aliitembea karatasi toka juu mpaka chini, bila haraka, kama mzee anayekagua shamba lake, na alipomaliza hapakuwa na mahali pa dole jingine. Kilikuwepo cha Bibi Sughra. Kilikuwepo cha mama yake Kausar. Cha mwisho, chini kabisa, kilikuwa na kovu la mviringo katikati, la kuungua na bamba la chapati. Iftikhar alikiinamia. Kidole hicho kilimlisha mpaka alipofika miaka sita.

"Cha mama," alisema.

"Cha mama," alisema Shamshad. "Na yeye aliwasamehe kaka zake. Alipougua, ni nani kati yao alikuja?"

Iftikhar akafunika kikopo cha wino. Kisha akamwambia shahidi, "Ndege ameharibu karatasi. Kalete nyingine."

Hapo Shamshad akasimama. "Nilikuogesha, nikakutawaza, nikaacha shule ili wewe usome. Yote hayo nimekusamehe, wala sikudai. Nyumba sisamehi. Lete karatasi mia. Sisamehi!"

Mashahidi wakashuka kula pilau.

Mwezi uliofuata mwanamke aliyevaa nikabu alikwenda na Iftikhar kwenye ofisi ya hati, akajibu kwa jina la Shamshad, akabandika dole. Nyumba yote ikaandikwa kwa Iftikhar. Shamshad alipopata habari alikwenda na kidole chake kizima, mistari yote ikiwamo. Karani akalinganisha, akakubali kwamba havifanani, akamwambia karatasi ikishapita imepita, aende mahakamani. Akaenda. Kesi ikapangiwa mwaka unaofuata, kisha ikaahirishwa.

Asubuhi ya kuahirishwa, Nawabu aliteremka ngazi na kupanda tena, na kwenye kila daraja akaacha kidole ambacho Shamshad hakukijua. Kilikuwa chembamba, kidole cha mtu asiye na kazi ngumu. Saa nne Farzana alipanda akiwa na pilipili moja mkononi. Hakukaa. Alinyoosha kiganja, Nawabu akampitia, naye akaitazama alama yake, ile ile ya kwenye ngazi, mpaka macho yakamjaa machozi.

"Wifi, utayasema haya kwa hakimu?" aliuliza Shamshad.

"Siwezi, wifi. Unajua siwezi."

"Najua. Kaa unywe chai."

Iftikhar alikata umeme wa juu. Shamshad akanunua cherehani ya mkono. Kila asubuhi hushuka na Nawabu begani, huchovya dole kwenye wino, hulibandika kwenye mlango mkubwa wa mbele, Nawabu naye huutembea akiacha alama zake, kisha hupanda kushona. Kila Iddi Iftikhar huupaka mlango rangi mpya ya kijani, na rangi ikikauka vidole vyote hutokea juu yake, cha Farzana kikiwamo. Wapita njia wamezoea, na wanawake wengine husimama kutafuta vya mama zao.

Kesi imeahirishwa mara ya tano. Kwa karatasi, nyumba ni ya Iftikhar. Shamshad yumo, juu, na leo asubuhi alama yake kwenye mlango ilikuwa bado mbichi.