Maziwa ya Sabato

Persis wa Magwagwa alikuwa Msabato wa kweli kweli, wa kuzima jiko Ijumaa jua likizama na kulisahau hadi Jumamosi jioni. Ng'ombe alimkama, maana mnyama hajui Sabato. Lakini kuchemsha maziwa, hapana. Ndiyo maana Sabato tatu mfululizo alimpelekea mdogo wake Ombati, huko Nyakoe, chupa ya maziwa mabichi. Alijua daktari amekataza. Ini la Ombati lilikuwa limejaa makovu, na kila anachokunywa kilitakiwa kichemke kwanza. Lakini Ombati aliyapenda na povu lake, na Persis alijiambia kuwa ng'ombe wa marehemu mama hawezi kumdhuru mwana wa mama.

Sasa Ombati alikuwa wodini Kisii, homa haishuki, anaweweseka.

"Bakteria wameingia kwenye damu," daktari alisema. "Maabara bado inatafuta ni wa aina gani. Wagonjwa wa ini hupatwa hata na wale adimu, na dawa tunayompa haiwagusi wote. Amekula au kunywa nini kibichi?"

Mjomba Onsongo alimkazia macho Nyanchoka, mke wa mgonjwa. "Huyu hata maji anaona uvivu kuchemsha."

"Nachemsha kila kitu, mjomba. Haki ya Mungu." Nyanchoka akalia.

Persis alinyamaza. Aibu iliyoje! Huyu ndiye aliyezoea kuwahubiria akina mama wa kanisa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alinyamaza siku ile, akanyamaza na kesho yake, huku wifi yake akisimangwa na ukoo mzima. Alijichukia, na bado mdomo haukufunguka.

Siku ya tatu Ombati hakumtambua tena. Persis alimkimbilia daktari. "Ni maziwa, daktari. Mabichi. Mimi ndiye niliyempa."

Dawa ilibadilishwa saa ile ile. "Ungesema juzi, mama," daktari alisema, wala hakupandisha sauti.

Siku nne baadaye homa ilishuka. Ombati alifumbua macho, akamwona mkewe tu. Persis alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hana uso wa kujitokeza.

"Nyanchoka," Ombati alinong'ona, "dada alikuwa akiniletea maziwa mabichi. Wakiuliza, sema ni maji. Usimtaje. Atajilaumu."

Nyanchoka alilitazama pazia, kisha akamvutia mumewe shuka hadi kifuani.

"Sawa, Baba Mokua. Ni maji."

Persis alitamani angalau mtu mmoja amtukane.